IVAM kwenye kioo cha kinyozi

Yakhe, Hussam ni mchafu. Mchafu kabisa.

Kwenye mchezo wetu wa falme si alinipa cheo, Shaha IVAM? Nikakipiga chapa kwenye fulana, leo nimeivaa kwa kinyozi hapa Kuze. Kinyozi akatazama kioo, mashine ikasimama. "Kijana, mbona umejiandika mavi?"

Mavi. Kwenye kioo yasomeka MAVI.

Nikageuza na majina mengine ya mchezo. Mji wa Ezuk ni Kuze. Akononot ni Tononoka.

Na mimi nilimuuliza Hussam maana ya IVAM, akanambia, "Jina zito hilo, lanukia mbali." Lanukia!

Fulana ya pili kama hii nilimpa mpenzi wangu, Aida. Sasa hivi kanitumia picha, kajipiga mbele ya kioo chao. Kaandika, "Yanipendeza?"

Nimjibu nini?