Chumba chenye Mlango Mpana

Karakana ya Milango,
nyumba ya nyuma.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa shangazi yangu Kitinda,

Shikamoo. Ni mimi Mdomo, mtoto wa mwisho wa kaka yako, yule ambaye uliondoka kabla sijazaliwa ukakosa kumwona kijana mzuri kuliko wote katika ukoo. Hujambo? Mzee wako mgongo umekubali kunyooka? Na hapo mnapofua mashuka ya hoteli, msimamizi wenu bado anawahesabia dakika za chooni? Akizidi niambie.

Sisi tunapumua, ingawa mmoja wetu anapumua kwa mpira wa puani. Mwandiko usiucheke. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu ilikuwa inanichelewesha.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Baba ndiye aliyeamua. Amesema nikuandikie kwa mkono wangu, dada asinisahihishe hata nukta, kwa kuwa jambo lenyewe nililifanya kwa mkono huuhuu. Ni kuhusu safari ya meli. Tafuta kiti kwanza.

Ilivyoanza unajua. Vumbi la mbao la miaka arobaini limemkalia baba kwenye mapafu, daktari amekataza ndege katakata, na wewe ukitoka huko kabla karatasi zako hazijakamilika, hurudi tena. Dada, kwa uuguzi wake wa kuuliza uliza, akagundua kuna meli ya kitalii inayotia nanga kwenu kwa muda wa saa tisa. Tulicheka. Fundi milango na meli ya watalii, wapi na wapi. Baba hakucheka. Alisema saa tisa zinamtosha kukaa na Kitinda.

Dada akaipigia kampuni ya meli yenyewe, akang'ang'ana na simu mpaka sikio likamuuma. Meli nzima ina vyumba kumi na viwili tu vyenye mlango wa kupitisha kiti cha magurudumu, na yeye akapata cha mwisho. Baba akanituma nikipime kiti chake kwa tepu: sentimita sitini na sita. Mlango wa kile chumba ni themanini na mbili. Akazikariri hizo namba, kila mteja aliyekuja karakana anasomewa.

Hapo ndipo mimi nikajifanya mjanja.

Juu ya duka la simu kuna wakala wa safari tunayemwita Kapteni. Hajawahi kupanda hata mtumbwi, ila ana kofia nyeupe. Alinikuta kinyozini nikitamba kwamba mimi na mzee wangu tunakwenda kunywa chai na matajiri baharini, akanivuta pembeni. Akasema tumejiwekea nafasi wenyewe kishamba, kwa hiyo hatuna wa kututetea. Tukiihamishia kwake tutapata hela ya kutumia melini, picha za bure na sanduku la safari lenye nembo. Siku thelathini za kuruhusiwa kuhamisha zilikuwa zinakwisha kesho yake. Nikamuuliza gharama. Akasema gharama ni wino tu.

Shangazi, siku ile nilijiona waziri. Fomu ilikuwa na visanduku viwili. Kimoja kilisema nafasi ihamishwe kama ilivyo. Cha pili kilisema nafasi ya zamani ifutwe, ifunguliwe mpya kwa wakala, ndiyo tupate zile zawadi. Kapteni akagonga cha pili kwa kucha. Nikatia tiki. Nikaweka na saini ya baba, maana naiandika vizuri kuliko yeye.

Nafasi ya zamani ilifutwa asubuhi ileile. Kufika mchana, chumba chenye mlango mpana kilikuwa kimeshachukuliwa na mtu aliyekuwa kwenye foleni. Sisi tukatupiwa chumba cha kawaida: mlango sentimita hamsini na sita, na chini yake kizingiti cha chuma kilichoinuka urefu wa kidole. Nisingejua, nilikuwa nazunguka mtaani na sanduku jekundu. Dada ndiye aliyesoma karatasi mpya wiki iliyofuata. Alizisoma, akazirudia, akaziweka mezani taratibu, akaniambia nikae.

Baba, kama unavyomjua, pesa huzihesabu kwa milango. Bei mpya ilizidi ya zamani kwa milango minne. Kapteni naye akaibua ada ya kushughulikia, mlango mmoja, ambayo kinyozini haikutajwa. Hiyo mitano ningeirandia mwenyewe mpaka mikono itoke malengelenge. Lakini haikuwa ndiyo gharama yenyewe.

Gharama ni kwamba tulikosa wa kuongea naye. Niliipigia kampuni, akapokea mwanamke, akaniuliza namba ya nafasi, akanijibu kwa upole kabisa, "Nafasi yenu iko kwa wakala. Sisi hatuwezi kuigusa, zungumza na wakala wako." Nikapiga mara sita kwa sauti mbalimbali, mara moja nikakohoa kizee. Mara zote sita walikuwa wapole. Kapteni akatuandikisha kusubiri chumba kipana, tukawa wa tisa. Baadaye akawa hapokei simu. Ofisi ina kufuli, kofia unaiona dirishani.

Likaja jambo lingine. Wakatuma fomu ya daktari: anayelala chumba cha kawaida lazima aweze kutoka kwa miguu yake king'ora kikilia. Nikasema nitambeba, kwani siku hizi ana uzito gani. Dada akasema fomu haikuuliza habari za punda. Daktari naye akasema haandiki uongo. Akimwona anatembea, atasaini. Mwisho wa kuirudisha ilikuwa Ijumaa iliyopita.

Ikabidi nimweleze baba. Nilimkuta karakana, kwenye kiti chake, anawaelekeza vijana kukata fremu. Nikamwambia yote, mpaka saini. Nilitaka anitukane, shangazi, nilishajiandaa. Akauliza, "Hamsini na sita ya ndani au ya nje?" Nikasema ya ndani. Akaagiza ubao, akachora, akawaambia vijana wamsimamishie fremu ya sentimita hamsini na sita katikati ya karakana, na kizingiti chini yake. Benchi likawa kitanda. Kutoka mlangoni hadi kitandani, kwa mchoro wa meli, hatua sita. Akazitia alama sakafuni kwa chaki.

Kila asubuhi kwa siku kumi na moja alitoka kwenye kiti akaingia mlango ule. Siku ya kwanza hakuvuka kizingiti. Siku ya tano alifika alama ya nne, akaniambia nimpishe, nampunguzia hewa kwa mdomo wangu. Siku ya nane alifika benchi, akakaa, akaninyooshea kidole na kucheka bila sauti. Siku hiyo nilikwenda kukinunulia kiti chake magurudumu mapya. Niliamini kabisa.

Alhamisi daktari alikuja. Baba alivaa shati lile ulilomtumia. Akaenda: kizingiti, moja, mbili, mpaka sita, akakaa. Daktari akasema sasa tuseme king'ora kimelia, atoke. Akasimama. Alama ya tatu ya kurudi akashika fremu kwa mikono miwili, na midomo ikabadilika rangi. Dada alikuwa amemvika kile kipimo cha hewa cha kidoleni. Aliisoma namba, akaifunika kwa kiganja. Nilimdaka mimi. Ni mwepesi, shangazi, nilivyosema.

Alipopata pumzi aliipapasa ile fremu juu mpaka chini, akasema, "Fremu haina kosa. Mlango haujambana mtu. Mimi ndiye nimepungua." Akawaambia vijana waing'oe, mbao zimfae mteja.

Basi Ijumaa tulifuta safari. Amana, milango kumi na moja, haikurudi. Nilipouliza ya mwakani, dada alikwenda kumweka baba mpira wa puani vizuri.

Najua umeshaomba ruhusa kazini ya tarehe ishirini na moja mwezi ujao. Baba ana ombi moja, na amelirudia mara tatu nisije nikalipamba. Anakuomba usiende bandarini siku hiyo. Meli itafika kweli, na wazee watashushwa kwa viti vya magurudumu, wengi, mmoja baada ya mwingine. Anasema anakujua. Utasimama pale mpaka wa mwisho ashuke.

Nisalimie sana mzee wako, na binamu zangu mapacha, na yule mkwe mnayesema ana maringo kuliko mimi. Dada anakusalimu, analia jikoni akidhani sisikii. Baba amelala. Mungu akutunze, akupe na nguvu za kunisamehe, hata kama ni kidogo kidogo.

Ni mimi nikupendaye, na ninayestahili tusi lolote utakaloniandikia,

Mdomo