Nyumba Isiyo na Mahali pa Kumficha Brigitha

Jumatano, 14 Mei 2025

Posa ya binti yetu Brigitha ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mume wangu Severin bado hasemi ndiyo wala hapana. "Tutaona." Basi. Brigitha kaniambia leo jikoni, kwa Kiswidi chake cha hasira: baba asipomkubali Maina, watahamia Göteborg bila baraka zake. Nimeumia. Mtoto ninaye huyo mmoja.

Kitu pekee alichokubali mume wangu ni mahali. Si ukumbi wa kanisa — ni ile nyumba yao ya Spånga, hapa Stockholm! Yeye na wastaafu wa Kiswidi wanajenga nyumba ya zama za kati: fremu ya mwaloni, vigingi badala ya misumari, fito na udongo kati ya nguzo. Kwao Bukoba aliikimbia nyumba ya udongo. Hapa anaikandika bure kila wikendi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimempeleka Jerioth, shangazi yake Maina, akaone. Ukiingia tu umeona yote. Chumba kimoja kirefu, hakuna dari, macho yanapanda hadi kwenye makenchi. Moto unawashwa katikati, sakafuni. Bomba la moshi? Hakuna, moshi ujitafutie njia paani. Upande wa juu kuna benchi la mwenye nyumba, ambalo Severin haruhusu mtu mwingine kulikalia. Upande wa chini, karibu na mlango, ndipo patakapokuwa na kiambaza, ukuta mwembamba wa kugawa chumba, na stoo mbili nyuma yake, moja ya mikate, moja ya bia. Kwa sasa ni nguzo tupu.

Jerioth kashika kiuno. Kwao Kenya siku ya posa wasichana hufunikwa leso gubigubi, hutolewa chumbani, kijana amtambue mchumba wake. "Sasa Brigitha tutamficha wapi, Mama? Hii nyumba haina hata bedroom!"

Nikasema tutatundika mapazia. Severin akakohoa. Ndivyo alivyo: kosa halisemi, analikoholea. Chumvi ikizidi, kikohozi kimoja. Nikikosea njia, kikohozi kimoja. Ndoa yangu yote nimeishi na kikohozi hicho.

Jumanne, 20 Mei

Maajabu. Mapazia yamemnyima Severin usingizi. Atajenga kiambaza chenyewe. Wastaafu migongo inawauma, anahitaji mtu wa kushika upande wa pili — kampigia nani? Maina! Hajawahi kumpigia tangu amjue.

Wamerudi wote wawili wamejaa udongo. Maina kala, kaongeza. Severin analalamika kwamba kijana anapiga kigingi kama anaua nyoka. Kesho wanakwenda tena. Nimemuuliza kama hiyo ndiyo "ndiyo" yenyewe. "Hicho ni kiambaza," kasema.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika kwenye simu nyuma ya kiambaza, leso bado begani.

Wanawake tulikuwa wachache, nami nikasukumwa kwenye mstari. Mama mzima, nimefunikwa kama mzigo. Tukatoka nyuma ya kiambaza. Wastaafu walikuwa wamewasha moto kwa heshima ya wageni, na moshi haukujitafutia njia yoyote. Maina machozi yanamtoka. Nilimwona kupitia kitambaa. Akampita Brigitha. Akaja kwangu. Akanyoosha mkono.

Nikaganda. Amfunue mama mkwe mbele ya watu! Stockholm nzima ingetucheka mpaka Krismasi.

Kutoka benchi la juu — kikohozi. Kimoja.

Maina akaurudisha mkono. Ameshakijua kwa kujenga naye. Akarudi kwa Brigitha, akamfunua. Vigelegele. Jerioth anasema ni moshi tu, kila mtu alikuwa anakohoa. Labda. Lakini anayekohozwa na moshi hakohoi mara moja akanyamaza.

Sasa tumerudishwa huku, wazee wanaongea. Nachungulia. Wamemuuliza Severin jibu lake. Anatazama makenchi. Wamemuuliza tena. Brigitha kanibana mkono mpaka unauma.

"Tutaona," kasema — na kasogea, kaacha nafasi kwenye benchi lake. Anamtazama Maina. Maina bado kasimama, hajaelewa.

Kaa basi, mwanangu. Kaa.