Madirisha ya Pembeni

Jumatatu, 4 Agosti

Toleo la tatu la programu limerudishwa. Bosi wa Dar anasema bado haijulikani dirisha lipi linatumika na lipi halitumiki. Kazi yenyewe rahisi kuieleza. Mgeni anayetembelea makumbusho ya Kwihara anavaa miwani ya kompyuta, analiona tembe lenyewe, ile nyumba ya kale, na mbele yake yanaelea madirisha matatu: ramani ya njia ya misafara katikati, picha za zamani kushoto, maelezo kulia. Analoliangalia linang'aa. Mengine yanafifia, rangi inapungua, ajue yamekaa tu. Yafifie kiasi gani, hapo ndipo ninapoumia kichwa.

Jioni nimemvisha baba miwani. Mzaliwa wa Kwihara, fundi wa kofia miaka arobaini, hajui kusifia kazi mbovu. Nimemwambia atazame ramani tu, asigeuze kichwa. Kasema ramani safi, ila hayo ya pembeni nimeyazima kabisa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeongeza mwanga. Sasa yanafifia nusu tu. Baba anasema bado yamezimika. Mama Shani wa jirani kajaribu, kayaona yote matatu. Nahisi mzee ananichokoza.

Tena kamwaga chai. Niliiweka kushoto kwake barazani, upande ninaokaa mimi siku zote, akaipiga kumbo na kuniuliza kwa nini nimeificha. Nimeificha wapi, kikombe kilikuwa ubavuni mwake. Tumenuniana mpaka magharibi.

Ijumaa, 8 Agosti

Yanafifia kidogo sana. Baba bado hayaoni.

Mteja wa Nzega karudisha kofia mbili. Vitobo vya nakshi vimerukwa, safu nzima. Baba kasema nyuzi za siku hizi takataka. Nami nikazilaumu nyuzi pamoja naye.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeondoa kufifia kote. Madirisha matatu, mwanga mmoja, rangi ile ile. Sikumwambia. Nilitaka kumnasa, nimcheke.

Kavaa, katulia. "Afadhali kidogo, Zuhura. Ila ya pembeni bado umeyazima."

Sikuwa nimezima kitu.

Nikamwuliza na bila miwani anaonaje. Akaivua, akaipangusa kwa kanzu. Kasema hivyo hivyo, tangu kabla ya mfungo wa Ramadhani. Hakutaka kunisumbua, nina kazi. Ndivyo alivyo: kasoro ya kazi ataisema, fundi kwa fundi. Ya mwili wake hasemi, tena kwa binti yake. Wiki nzima ananieleza macho yake, mimi narekebisha programu.

Jumanne, 12 Agosti

Hospitali. Presha ya macho. Yote mawili, la kushoto zaidi. Daktari kasema mishipa ya macho imeharibika, ndiyo maana pembeni haoni. Kilichokwenda hakirudi. Matone ni ya kulinda hapo katikati palipobaki, na hata hapo hakuahidi.

Nimeuliza kama wiki yangu moja ya kuchelewa ingebadilisha kitu. Kasema hapana, hii ni ya miaka. Haikunipunguzia chochote. Miaka yote hiyo nipo nyumba moja naye. Mshahara nalipwa kwa kujua watu wanaona nini.

Kushuka ngazi za hospitali baba kanishika bega. Hajawahi kunishika bega. Nimelia chooni, nikanawa, nikatoka.

Alhamisi, 14 Agosti

Dar wamelikubali lile toleo la kufifia nusu. Wamesema ni zuri, halimsumbui mtu, macho yanajua yenyewe pa kwenda. Nimeandika asante. Sina furaha hata chembe.

Baba kazifumua kofia za Nzega, anazirudia. Zamani mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Sasa anasogeza kitambaa kidogo kidogo, kila kitobo akilete pale anapoona. Nimehesabu vitobo viwili tangu adhuhuri mpaka alasiri, nikaacha kuhesabu.

Jumamosi, 16 Agosti

Matone ya asubuhi, jicho la kulia, kisha la kushoto. Hajalalamika.

Nimetoa chai barazani. Nimemkabidhi kikombe mkononi. Kisha nikakichukua kigoda changu pale kushoto kwake, nikakiweka mbele yake, nikaipa barabara mgongo. Kanitazama kitambo, kasema nimekonda, kisha kaendelea kushona.