Kambo Mwadi Hajafa, na Picha Zitatundikwa

Kambo Mwadi hajafa. Leo asubuhi bibi huyu, kambo tunavyosema sisi, ameshuka kitandani, amevaa, ametembea kwa miguu yake kwenye matope mpaka kwangu, na lalamiko lake la kwanza ni kwamba viatu vyake havionekani vizuri kwenye picha.

Haya, sasa nasalimia. Jambo yenu wote. Ni Alhamisi hapa Kamina, mvua imenyesha tangu alfajiri na barabara ya stesheni imekuwa uji. Mimi nina furaha kama mtu aliyeshinda kesi.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Ngoie, mshonaji. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nikikosea kuandika, nyamazeni, mmeelewa. Ngoie ni binti yangu, mpiga picha. Siyo wa harusi na pasipoti tu. Msanii. Neno hilo nilikuwa silijui, siku hizi nalitaja hata nikinunua sombe, majani ya muhogo, sokoni. Macho yale amerithi kwangu. Urefu tu ndio wa baba yake.

Watu wanamuuliza: hili wazo la kupiga picha mama wazee, wajane wa watu wa reli, mmoja mmoja, ulilitoa wapi? Yeye anajibu vizuri, na Kifaransa ndani. Lakini siku wazo hilo lilipozaliwa mimi nilikuwepo, acheni niseme.

Ilikuwa kwenye kilio cha baba yake. Hapa kwetu kilio hakikai bila picha ya marehemu. Inawekwa juu ya meza, mshumaa kando, na kila anayeingia anaanza kwa kuisimamia pale. Tukapekua nyumba nzima. Mume wangu alizeekea kwenye reli, na hakuwa na picha hata moja ya peke yake. Ikabidi tukuze ile ndogo ya kadi ya kazi, na muhuri wa ofisi ulikuwa umempita shavuni mpaka mdomoni. Mtu aliyekuwa akicheka mpaka chai inammwagikia, tulimlilia akiwa amegongwa muhuri kama barua.

Ngoie alikuwa bado shule ya msingi. Akanivuta kitambaa, anataka sababu. “Mama, juu ya nini bamefunga papa kinywa?”

Jibu alikwenda kulitafuta mwenyewe.

Alipopata kamera, ya zamani, aliyopewa na mjomba wake, alianza na kambi ya reli. Anatundika shuka langu jeupe ukutani, anaweka kiti, halafu hapigi. Anakaa chini na kuongea. Anauliza habari za bwana, za safari za Bukama kufuata samaki, za ujana. Anangoja mpaka mama acheke kile kicheko chake mwenyewe, ndipo anapiga. Anasema anataka kila mtu awe na picha yake kabla kilio hakijaanza kuitafuta.

Mama saba walikaa kwenye kiti kile, Kambo Mwadi mmoja wao. Kanisa likatuahidi sala, ule ukumbi wa mikutano, tuzitundike. Ngoie akatuma picha Lubumbashi zichapwe kubwa kwenye turubai.

Na huko ndiko mambo yalikoharibikia. Kijana wa kuchapa alipoona mama wazee, kila mmoja peke yake, wamevaa nguo za sherehe, hakuuliza kitu. Kwake picha ya namna hiyo ni ya kilio tu. Akawaongezea wote saba msalaba na mshumaa unaowaka, kona ya chini. Bure, kwa moyo mwema.

Furushi tulilifungua ndani ya sala, mbele ya mama wote wa kanisa. Wakati huo Kambo Mwadi alikuwa kitandani, malaria imemlaza vibaya, hajui mchana wala usiku. Na turubai la juu kabisa lilikuwa lake. Anacheka, na mshumaa unawaka miguuni.

Mama Prezida, kiongozi wa mama wa kanisa, akasema taratibu, kama mtu anayesoma tangazo:

“Mama Ngoie, mutoto yako anaita kifo. Mukubwa iko analala, na buji yake iko tayari inawaka.”

Sala tukanyimwa siku hiyo hiyo.

Jioni wana wa Kambo Mwadi waliingia lupango yangu, uani mwangu, na kiberiti, kuja kuchoma turubai. Nililiweka furushi chini nikalikalia na mwili wangu wote, na mnaujua mwili wangu. Nikawaambia, “Mukitaka kuchoma, muanze na minyi. Minyi njo niko juu.” Waliniangalia, wakapiga hesabu ya kuni, wakaondoka.

Kupigana na watu najua. Lakini mtoto wangu alifunga kamera kwenye sanduku. Akaniambia, “Mama, kama anakufa, njo minyi nilimuita.” Hakula bukari, ugali wangu, na bukari yangu haikataliwi na mtu. Nikaifunika sahani, nikakaa kando yake.

Na hapa niseme lingine, maana ukurasa huu nilijiahidi nisiudanganye. Mimi mwenyewe sijawahi kukaa mbele ya shuka lile. Ngoie ameniomba mara nyingi. Mara nina sufuria motoni, mara nina gauni la mteja. Uongo mtupu.

Naogopa mshumaa ule ule.

Ndiyo maana leo asubuhi, nilipomwona Kambo Mwadi langoni, amekonda kama sindano, mwanawe mkubwa nyuma yake amemshikia mwavuli, niliacha cherehani nikamkimbilia kwenye mvua. Akaomba picha. Nikaitandaza juu ya meza ya kukatia nguo. Ngoie alisimama mlangoni, hakuthubutu kusogea.

Kambo akaiangalia sana.

“Hii njo minyi?”

“Njo weye, kambo.”

“Niko muzuri hivi, na hakuna mutu aliniambia.” Kisha akageuka. “Ngoie, viatu yangu ya mupya, juu ya nini umeiacha mu giza?”

Mwanawe akajaribu kucheka. Kambo akamkatiza hapo hapo. “Weye njo ulileta kiberiti? Siku ya kilio yangu ungeweka nini ku meza, picha ya kadi ya uchaguzi?”

Yule baba mzima mwenye watoto akaangalia matope.

Kambo akagusa ule mshumaa kwa kidole. “Hii buji ni ya nani? Yangu bado. Mama Ngoie, weye uko fundi, uifunike. Musalaba uuache, minyi niko Mukristo.” Akatoa kwenye kifuko chake kipande cha kitambaa, kile kile alichovaa kwenye picha, chekundu chenye ndege.

Basi tangu asubuhi nashona. Sindano ya magunia, uzi mnene. Habari ilitembea mbio kuliko mvua, na mpaka mchana wale mama sita wengine walikuwa wamenitumia vipande vya nguo zao. Kila mshumaa nauzima kwa kiraka. Vidole vinauma, na kazi ni nzuri, nasema mwenyewe kwa sababu hakuna mwenzangu Kamina anayeweza kuisema vizuri zaidi.

Ngoie amekula. Halafu nikasikia sanduku linafunguliwa. Amenipiga picha mikono tu, ikiwa kazini. Nikajifanya sijaona.

Sala wabaki nayo, na funguo zao. Mimi nina ukuta wa matofali unaotazama barabara ya stesheni, na mtu yeyote anayeshuka treni atapita mbele ya mama hao saba, wakubwa kama mlango, wanacheka, midomo wazi. Mama Prezida, na wewe nakualika. Ukiona kifo pale, unionyeshe kwa kidole.

Kando ya picha kutakuwa na shuka jeupe na kiti. Wa kwanza kukikalia ni mimi. Kitambaa nimeshachagua, na viatu, na viatu vitaonekana. Ngoie atangoja nicheke, mnamjua, hapigi kabla. Kwa hiyo msije mikono mitupu, kila mtu aje na neno la kunichekesha.

Jumapili, mkitoka kanisani.