Neno "yori" Limefunga Kaye ya Mchumba Wangu

Mama Blandine mpendwa,

Naomba unisaidie na unijibu upesi, juu mahari inapelekwa Makobola baada ya wiki tatu na mchumba wangu Noella hanisemeshi tena, na sababu yenyewe ukiisikia utafikiri ni mzaha, lakini minye sicheki. Naitwa Osée, niko fundi wa umeme wa magari hapa Uvira. Magari mengi yanayotufikia yalitumika kwanza Japani, ukiwasha tu, mwanamuke anaanza kusema ndani ya dashibodi, na wateja wananiuliza anasema nini, na minye nilichoka kuwadanganya. Ndiyo maana niliposikia kwamba Gracien, aliyesoma Kijapani miaka miwili Bujumbura, anafundisha kila Jumamosi asubuhi katika chumba kimoja cha parokia, nilijiandikisha siku ileile, na Noella akasema na yeye anakuja ili tusome pamoja, nikafurahi sana.

Darasani tuko watu tisa. Kuko binti mumoja, Claudette, wa Bwegera, wazazi wake ni walimaji wa mpunga, iko mwanafunzi hodari, anaandika zile herufi vizuri kuliko Noella, hilo hata Noella mwenyewe anakubali. Siku moja alituletea wali wa mpunga wa kwao, na kusema ukweli anapika wali vizuri kuliko Noella, lakini hiyo ni kawaida kwa muntu wa Bwegera, na silo nililotaka kukuandikia.

Nililotaka kukuandikia ni yori. Jumamosi iliyopita Gracien alitufundisha kulinganisha vitu. Alisema Kijapani hakina shida, sifa haibadiliki, husemi zaidi wala sana, unatia yori tu, na yori ni kuliko. Akaandika kwenye tablo mfano wa samaki wawili wa ziwa letu: "Ndagala yori mukeke no hou ga oishii desu." Minye nikasoma: ndagala kuliko mukeke, tamu. Nikaona sawa kabisa, juu kweli ndagala ni tamu kuliko mukeke, kwetu tunasema hivyo tangu utoto, nikanakili katika kaye na sikuuliza kitu. Kumbe Gracien iko muntu wa mukeke. Kumbe kwa Wajapani yori inafuata nyuma ya kile kinachoshindwa, na hiyo "no hou ga" inakaa kwa kile kinachoshinda, maana yake alikuwa amesema mukeke ndiyo tamu na ndagala iko chini. Angetoa mfano ambao sikubaliani nao, ningebisha, na kwa kubisha ningeelewa.

Halafu akasema kila muntu aandike sentensi moja juu ya watu wa darasa. Minye nikataka kumupendeza Noella mbele ya wote, nikashika chaki, nikaandika kwa herufi kubwa: "Noella yori Claudette no hou ga kirei desu," nikijua nimesema Noella ni mzuri kuliko Claudette. Gracien aliisoma mara mbili. Kisha akanisifu eti sentensi haina kosa, akaitafsiri: Claudette ndiye mzuri, Noella hamufikii. Na kwa kuwa ni mwalimu na hawezi kujizuia, akaongeza kwamba kirei ni mzuri na vilevile ni safi. Darasa likacheka, Claudette naye akacheka, juu yeye anashika mzaha haraka kuliko Noella. Noella hakucheka. Alifunga kaye yake polepole, akasema: "Basi minye niko mubaya na niko muchafu. Asante, Osée." Akatoka.

Nilitaka kurekebisha. Gracien alinionyesha njia ingine, ya hodo, ambayo unasema kitu hiki hakifikii kile. Nikaandika kwenye simu: "Claudette wa Noella hodo kirei ja nai desu," yaani Claudette hafikii uzuri wa Noella, na safari hii kosa hakuna, Gracien mwenyewe aliangalia. Lakini badala ya kumutumia Noella, nilituma kwenye grupu ya darasa. Wote wakasoma. Claudette alinijibu tu kwamba sarufi iko sawa, hakutukana, kweli binti huyu ana uvumilivu kuliko Noella. Noella naye akatoka kwenye grupu, na jana shangazi yake, Mama Sabine, alinipigia simu kutoka Makobola akaniuliza Claudette ni nani.

Mama, nimefikiri nimuchukue Gracien twende naye kule, abebe kipande cha tablo, awafafanulie wazee kwamba hili ni kosa la sarufi na si la moyo. Nifanye hivyo? Ama nimuandikie Noella kwa ichiban, inayosema yeye ni wa kwanza katika darasa nzima? Nampenda Noella, sitaki kumupoteza juu ya neno moja dogo la watu ambao hata sijawaona.

Osée, Uvira

Mama Blandine anajibu:

Osée mwanangu, pole. Mimi pia sicheki. Nilicheka jana, leo nimemaliza.

Tablo ibaki parokiani. Ukimpeleka Gracien kuwafundisha wazee Kijapani siku ile wanangojea kusikia kama unampenda binti yao, mimi mwenyewe nitatafuta gari nije kutazama, lakini mke hutampata. Wazee hawatauliza yori inakaa wapi. Watauliza kama Mama Sabine alivyouliza, Claudette ni nani. Na swali hilo umelileta mpaka kwangu bila kusema ulimjibu nini.

Mimi Kijapani sijui. Kiswahili nakijua, na barua yako umeiandika kwa Kiswahili. Nimechukua kalamu nyekundu, nimepiga mstari chini ya kila kuliko inayowahusu wasichana hawa wawili. Ile unayojitetea nayo, ya tablo, nimeiacha pembeni. Zimebaki nne: kuandika, kupika, kushika mzaha, uvumilivu. Mara zote nne Claudette iko mbele na Noella iko nyuma, na hapo hapakuwa na Mjapani wa kukuchanganya. Weye unalalamika kwamba chaki ilisema jambo ambalo moyo wako haukulisema. Mimi nikisoma barua yako naona chaki haikukosea sana.

Sisemi unampenda Claudette. Pengine hata weye hujui. Pengine uko tu mwanaume wa wale wasioweza kula sahani yao bila kuchungulia ya jirani, na barua za wake zao zimejaa mezani kwangu. Nakuuliza kitu kimoja: Noella ni nani? Nimesoma barua mara tatu. Najua anatoka Makobola na ni mchumba wako. Najua pia ni mtu wa heshima, lakini hilo nimelipata mwenyewe, weye hukuliandika. Binti amedhalilishwa mbele ya darasa zima, amefunga kaye polepole, amesema asante, halafu weye unaniandikia kwamba uvumilivu wake ni mdogo. Ona haya kidogo, Osée.

Ichiban achana nayo. Kuwa wa kwanza darasani ni mashindano yaleyale yaliyoongezewa watu, na Noella hakuomba kushindanishwa na mtu. Alikuja parokiani ili akae karibu na weye, Kijapani kingemfaa nini yeye?

Claudette umuombe radhi katika grupu ileile, kwa Kiswahili, maneno machache, na usimwongezee sifa. Mama Sabine umpigie leo, mbele ya jioni, umwambie weye ndiye uliyekosa, usitaje sarufi. Noella usimtumie kitu kwenye simu, vidole vyako tumeviona. Enda kwake mwenyewe, na ukifika usifundishe.

Ila mbele ya kwenda, kaa na kaye yako, uandike mambo kumi juu ya Noella. Andika kwa lugha unayotaka, hata Kijapani kama kinakupendeza, lakini bila yori, bila hodo, bila kuliko. Noella peke yake. Kama yanafika kumi, mpelekee ayasome, halafu unyamaze, umwache yeye aamue kama mahari inakuja au haiji. Kama kwenye la tatu Claudette ameingia tena, usitafute sentensi ya kumtoa. Panda pikipiki, enda Makobola kwa baba yake, umwambie ukweli kabla wanawake hawajaanza kutwanga mihogo ya sherehe. Noella atalia. Afadhali alie wiki mbili kuliko kuishi kwako miaka makumi ine upande wa anayeshindwa.