Saini ya Pili ya Bi Zenobia

Jumatatu, 8 Desemba 1997

Mimi Lucien Doucette nina bahati, jamani. Bahati ya kuzaliwa nayo. Watangazaji thelathini na wanane tunajitolea kwenye redio hii – wengine wana digrii, wengine wana tai – na leo Bi Zenobia Fauria, mpiga piano, katuchambua wote na kunipa mimi albamu yake mpya. Mimi! Mpishi wa meli mstaafu, shule niliiacha darasa la saba.

Ni albamu yake ya kwanza. Ana miaka sabini na minne. Nusu karne kapiga kanisani na kwenye baa za hoteli, watu wanatafuna karanga hata hawageuki, na hakuna aliyewahi kumrekodi. Kiwanda kimemletea CD sita tu, nyingine zitafika baada ya mwaka mpya. Tano kawapa ndugu. Ya sita iko mfukoni mwa koti langu.

Kwa nini mimi? Sikio, bwana. Nimesikiliza muziki Marseille, Santos, Mombasa, Yokohama. Mji mzima unalijua sikio langu.

Nimeipiga mara tatu jikoni. Vitunguu vimeungua. Acha viungue.

Jumanne, 9 Desemba

Leo nimeirusha hewani!

Kipindi changu ni saa tatu hadi saa tano asubuhi. Delphine, msimamizi wetu wa muziki, ameshaweka sheria ya sikukuu: kila saa nyimbo tatu za Krismasi, mtu asijifanye hajui. Basi nikapiga kengele, nikapiga theluji, nikapiga tena kengele. Theluji! Hapa New Orleans nimevaa fulana na feni linazunguka. Halafu nikaweka Bi Zenobia, wimbo wa nne. Ule wa taratibu, mkono wa kushoto unatembea kama mtu anayetoka misa ya kwanza hana haraka, wa kulia unamtania njiani.

Simu zikawaka laini zote nne. Mzee mmoja alikuwa juu ya paa anafunga taa za Krismasi, kashuka kuja kupiga simu, anauliza ni nani huyo. Nikamwambia. Akasema yule si wa hotelini? Nikamwambia ndiye huyohuyo, ulikuwa unatafuna karanga.

Nikatangaza kwamba wameisikia kwangu kwanza. Nikatangaza tena. Mara ya tano Delphine akagonga kioo, akasema tumeelewa, Lucien.

Kisha nikajaza kikaratasi. Kwetu kila albamu mpya inabandikwa kikaratasi juu ya jalada, na mtangazaji anayeipenda anaandika maoni na kusaini. Nimeandika: “Wimbo wa nne – zima jiko kwanza.” Saini yangu, kubwa, na mkia.

Bado moja. Saini mbili ndiyo albamu iingie rafu mpya, na ikishaingia rafu mpya watu wote wanaipiga. Moja haitoshi, tangu Gaspard wa kipindi cha nyimbo za injili alipoingiza peke yake albamu ya shemeji yake anayepuliza tarumbeta kama mtu anayeita mbwa.

Jumatano, 10 Desemba

Bi Zenobia kapiga simu redioni, nikaipokea mwenyewe. Sauti ndogo, kavu. Kashukuru. Kasema jana jirani zake walikuja barazani kumwimbia wimbo wake mwenyewe, vibaya.

Halafu akanieleza jambo. Wale wa tamasha la majira ya machipuko wanachagua wapiga piano mwaka mpya unapoingia, na wanachagua kutoka rafu yetu mpya. Hakuna njia nyingine kwa mtu asiye na meneja. Nikamwambia hili likimpita basi asubiri la mwaka utakaofuata, albamu itakuwa imeshaenea.

Akasema: “Mwanangu, vidole vyangu vinakaza. Aprili hii vitapiga. Aprili ijayo vitakuwa vya kushikia kikombe.”

Kisha akakata.

Aliuliza pia kama Everard wa kipindi cha Ijumaa ameisikia. Nikasema ataisikia, Everard ana shughuli nyingi.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimeanza kampeni! Kamati inakaa Ijumaa ijayo, tarehe kumi na tisa, saa sita mchana. Baada ya hapo Delphine anafunga kabati la rafu mpya hadi Januari sita, kanivali inapoanza. Kisichoingia kimekwisha.

Wanaoruhusiwa kusaini jazi ni wenye vipindi vya jazi tu. Tuko watano. Mimi nimeshasaini. Wawili wamekwenda kwa watoto wao, Houston na Chicago. Wa nne ni Theophile – binamu yake Bi Zenobia, kwa hiyo sheria ya shemeji, kwamba ndugu hasaini, inamkata. Nimemsihi Delphine kwamba ubinamu wa upande wa mama ni nusu tu. Akaniuliza kama nina kazi nyingine ya kufanya.

Amebaki Everard Toups.

Everard ana Ijumaa, saa saba hadi saa tisa. Kipindi cha wajuzi. Watu wa magazeti wanamsikiliza na kalamu mkononi. Tai kila siku, hata Agosti. Akitaja wimbo anakutajia na mpiga besi, na mwalimu wa mpiga besi. Mimi na yeye hatupatani sana. Aliwahi kusema kipindi changu kina harufu ya kitunguu. Ni kweli, lakini hakupaswa kusema.

Leo nilimkuta kwenye ngazi. Albamu iko mfukoni. Nikamsalimu, nikamwambia hali ya hewa nzuri. Nikashuka.

Jumapili, 14 Desemba

Nimepika gumbo, mchuzi wetu mzito wa chaza na soseji, sufuria ile kubwa, nikalipeleka redioni kwa watu wa zamu. Gaspard kala bakuli tatu, kisha kasema: nani anatoa albamu Desemba? Desemba watu wanasikiliza nyimbo za Krismasi za marehemu tu. Ni kama kujifungua katikati ya maandamano, hakuna atakayesikia mtoto akilia. Tumecheka. Kisha nikaacha kucheka.

Everard hakuwepo. Nimemwekea bakuli kwenye friji, na jina lake juu.

Jumanne, 16 Desemba

Kipindi cha leo kilikuwa moto! Nimepiga nyimbo mbili za Bi Zenobia. Wa pili ni wimbo wa zamani wa kanisani wa Krismasi, lakini kauvua kengele zote, kauacha uchi, unausikia kama ndiyo kwanza umetungwa. Mama mmoja wa mtaa wa Gentilly kapiga simu akasema alikuwa anamenya machungwa, akajikuta amekaa chini. Mwingine anataka kuinunua ampe mumewe. Inapatikana wapi? Haipatikani, mama. Iko moja.

Delphine kaja studio mwenyewe. Si kawaida yake. Kasema ni albamu bora aliyoisikia mwaka huu, na kwamba yeye kama msimamizi hasaini, nisimwombe. Kasema mpe Everard akaisikilize nyumbani, siku tatu zinatosha. Nikasema leoleo.

Sikumpa. Kisanduku chake cha barua kiko pale karibu na mlango, kama vya wengine. Nilisimama mbele ya kisanduku. Nikarudi.

Alhamisi, 18 Desemba

Kesho. Nitampa kwenye kikao, mbele ya watu. Ni heshima zaidi.

Ijumaa, 19 Desemba

Naandika kwenye korido, kwenye kiti cha plastiki. Saa nane na dakika thelathini na tano. Kupitia kioo namwona Everard hewani, tai nyekundu. Anazungumza na kipaza sauti kama daktari na mgonjwa.

Kikao kilikuwa hivi. Delphine alisoma majina. Albamu ya saksafoni kutoka Memphis – saini mbili, imeingia. Watoto wa shule ya muziki – saini tatu, imeingia, watu wakapiga makofi. Zenobia Fauria, piano – saini moja.

Nikaitoa mfukoni. Nikaiweka mbele ya Everard, nikasema maneno mazuri sana, nilikuwa nimeyaandaa. Nikamwomba aisikilize sasa hivi, wimbo wa nne tu, tutangoja.

Hakuigusa. Aliitazama tu. Akasema, polepole, kwamba miaka minane iliyopita alimwita Bi Zenobia hewani “mpiga piano wa hotelini”, na tangu siku hiyo yule mama hajamsalimia. Everard kamwandikia barua mbili, hazijajibiwa. Mwezi uliopita ndiyo yule mama akapiga simu, yeye mwenyewe, akasema yameisha, atamletea albamu yake ya kwanza kabla ya mtangazaji mwingine yeyote.

“Nimeingoja wiki mbili,” akasema Everard. “Kila nikipita natia mkono kwenye kisanduku kama mtoto. Halafu naisikia kwa Lucien. Basi, nimepata jibu langu. Hajanisamehe, na ana haki. Lakini sisaini kitu ambacho mwenyewe hakutaka nikisikie.”

Gaspard akanitazama. Nilifungua mdomo. Mdomo huu! Umebishana na manahodha, na polisi wa bandari, na kasisi wa Santos. Ulifunguka, ukajifunga.

Delphine kasema sawa, kabati anafunga saa tisa, mwenye kubadili mawazo aje. Everard akachukua santuri zake akaenda studio. Kapita karibu nami. Kasema gumbo lilikuwa zuri.

Saa nane na arubaini. Bi Zenobia amefika! Yuko pale mapokezi, kofia ya kijani, mkebe wa peremende za njugu mapajani. Amekuja kushukuru. Vidole vyake viko juu ya kifuniko, vimepinda kuliko nilivyodhani. Kanipungia mkono. Anauliza kwa ishara: tayari? Nimemwonyesha saa. Everard hajamwona, amempa mgongo.

Nilitaka kuirudisha, hiyo ni kweli. Nilitaka kuipiga mara moja tu Jumanne, kisha niirudishe mahali pake kabla Everard hajaja Ijumaa. Halafu simu zikawaka. Halafu watu wakaniita dukani, wewe ndiye uliyemgundua yule mama. Miaka kumi na moja niko redioni, hakuna aliyewahi kuniita dukani.

Saa nane na hamsini. Everard kaweka wimbo mrefu, najua una dakika tisa. Taa nyekundu ya mlangoni imezimika, maana yake mlango unaweza kufunguliwa. Bi Zenobia ameinuka kwenye kiti, anakuja upande huu na mkebe wake, anatembea polepole. Delphine ametoka na funguo.

Nimesimama. Naandika daftari nimelibana ukutani. Nataka niandike kwanza ili nisije nikapamba nikishaingia.

Bi Zenobia hakunipa. Ilikuwa kwenye kisanduku cha Everard, kwenye bahasha, jina la Everard juu. Niliichukua.