Domitila Chilewa, Aliyeongoza Kijiji Miaka Mitatu Bila Mhuri

Mwaka umetimia, Mama, tangu Jumatano ile tulipokulaza nyuma ya kigango, huku ng'ambo ya reli ukitokea Gulwe. Watu walikuja wengi mpaka masufuria ya kuazima yakapungua. Na mbele ya watu wote hao ukasomewa wasifu ambao wewe mwenyewe usingeutambua.

Tunaanza na hilo kwa sababu limetukaa kooni mwaka mzima. Mimi Editha, mwanao wa kwanza, niliandika kurasa mbili na nusu, macho yamevimba, nimekaa uani kati ya watu wanaolia. Baba mkubwa Deusdedit, kaka yake Baba, akazichukua eti azipitie. Zikarudi nusu ukurasa. Nilipomuuliza akasema msiba si mkutano wa hadhara, mambo ya siasa hayasomwi mbele ya jeneza. Karatasi akapewa Mzee Nathan, mwenyekiti wa kijiji, naye akasoma kwamba marehemu alizaliwa, akamaliza darasa la saba, akaolewa, akajaliwa watoto watatu, alisaidia shughuli za kijiji, na alipenda kupika.

Alipenda kupika! Mama, wewe na jiko mlikuwa mnavumiliana tu. Ugali wako ulikuwa na mabuja, madonge ya unga mbichi ya kuhesabika. Mlenda wako uliungua mara nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka, kwa sababu uliuacha motoni ukaenda kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba. Wageni wakija, aliyesonga ni Baba, naye hakuona haya, na wewe hukujidai. Ulikuwa unasema kila mtu afanye analoliweza.

Halafu hilo neno "alisaidia". Anayesaidia ni yule anayeshika upande wa pili wa gunia. Wewe ulibeba gunia zima, ukaambiwa asante kwa kusaidia. Tumekasirika, na hatuoni sababu ya kulificha hilo katika tangazo la kumbukumbu.

Kwa wanaosoma na hawakukufahamu, mambo yalikuwa hivi. Mzee Nathan alichaguliwa kuwa mwenyekiti, na kabla ya mwaka kwisha akahamia Kibaigwa kwenye udalali wa mahindi. Hakujiuzulu. Alisema atakuwa anakuja. Wajumbe wa halmashauri ya kijiji wakakuteua wewe ukaimu kwa muda, na muda huo ukawa miaka mitatu. Ukapata na jina, Mama Kaimu. Walikuita hivyo wafugaji, watoto wa shule, hata katekista. Nasi tulilipenda, kwa ujinga wetu.

Ulikuwa wa kwanza kufika mkutanoni, raba nyeusi miguuni, daftari kwapani, ukawasalimu kwa Kigogo, "mbukwenyi", kwa sauti ya kumwamsha aliyesinzia. Kisimani wenye ng'ombe walizoea kunywesha kwanza, akina mama wakisubiri na ndoo mpaka jua la utosi. Ukapanga zamu, watu asubuhi na mifugo mchana. Wakanuna, wakazoea, na sasa wanasema ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Ruthu alipofiwa na mumewe, shemeji zake walichukua shamba la alizeti hata kabla ya arobaini. Uliwaita barazani mara mbili hawakuja. Mara ya tatu ukalihamishia baraza uani kwao, ukakaa hapo na wajumbe wako mpaka wakakubali kuzungumza. Shamba likarudi, na Ruthu analima mpaka leo.

Kazi yote hiyo uliifanya bila mhuri. Mhuri wa mwenyekiti ulihamia Kibaigwa pamoja na Mzee Nathan, mfukoni mwa koti lake. Mwanafunzi akihitaji barua ya utambulisho, au mtu akitaka kumdhamini ndugu yake, wewe uliandika, wewe uliwafahamu watu hao na baba zao, kisha ukazifunga barua kwenye mfuko wa nailoni ukapanda gari kwenda kumtafuta kati ya malori ya mahindi. Alizigonga barua zako juu ya gunia, mara nyingi bila kuzisoma. Siku moja ulimwomba akuachie mhuri, angalau kwa masika moja, barabara inapokatika. Akacheka mbele ya madalali wenzake.

"Kaimu, mhuri ni kama mke. Hauazimwi."

"Basi mke wako amechoka kukaa mfukoni," ukamjibu, ukachukua barua zako ukaondoka.

Swaumu alikuwa nawe siku hiyo. Swaumu, shoga yako, Mrangi wa Kondoa anayeuza vitunguu kwenye minada yetu. Hadithi hiyo ameisimulia mpaka tumeikariri, na kila akifika pale penye jibu lako hucheka, kisha hulia. Ni yeye aliyekuambia kwenye gari la kurudi kwamba uchaguzi ukija uchukue fomu, uache kushika kiti cha mtu aliyekikimbia.

Ulichukua. Uliijaza mezani kwetu, polepole, kwa mwandiko wako ule wa herufi zilizosimama kama askari. Palipoandikwa "Kazi", ukaandika "Kaimu Mwenyekiti wa Kijiji". Hukuandika "Mkulima", ingawa jembe ulilishika kila masika. Uliandika kazi iliyokuwa inakuamsha alfajiri na kukurudisha nyumbani jioni.

Mzee Nathan akarudi kutoka Kibaigwa wiki mbili kabla, na shati jipya. Akakuwekea pingamizi. Siku ya pili jina lako likabandikwa ubaoni likiwa limekatwa, na sababu ikaandikwa chini yake: kazi ya mwombaji haieleweki. Ulipouliza, ukaelezwa kwa upole kabisa kwamba hakuna kazi inayoitwa kaimu. Miaka mitatu walikuita jina hilo mchana kweupe, na siku ya kwanza ulipoliandika wewe mwenyewe kwa kalamu, wakasema neno hilo halipo. Jioni ikatangazwa kwamba Mzee Nathan amepita bila kupingwa. Bila kupingwa, na aliyempinga alikuwa amesimama palepale anausoma ubao.

Nafasi ya rufaa ilikuwapo, nyembamba. Karatasi zifike Mpwapwa mjini kesho yake kabla ya saa sita mchana. Uliamka, ukavaa gauni la Pasaka, ukamwomba Baba akupeleke kwa pikipiki. Baba akasema haina mafuta. Ukaondoka kwa miguu mpaka barabarani, ukasubiri, lori la kokoto likakuchukua. Ulifika saa saba na nusu. Wakakuambia, mama, muda umekwisha.

Ulirudi jioni umejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Hukumlaumu mtu. Mimi nilikupigia simu kutoka Mvumi ninakofundisha, na badala ya kuuliza tufanye nini nikakuambia, Mama, sasa pumzika. Nimeijutia sana sentensi hiyo. Ukaingia shambani, ukapanda karanga, ukapalilia, na mwezi wa pili moyo wako ukasimama ukiwa unapepeta uwele. Hatusemi walikuua. Daktari alisema ni shinikizo la damu la siku nyingi, nasi tunamwamini. Lakini ulikuwa umenyamaza tangu siku ile ya lori, na sote tuliona, na hakuna aliyesema kitu.

Mwezi uliopita tulikaa kupanga misa yako. Baba mkubwa akashauri tusome wasifu uleule, tusifukue ya kale. Loisi, mwanao wa kiume, akaanza kukubali, akasema tudumishe amani ya ukoo. Baba alikuwa pembeni anabangua karanga.

"Pikipiki ilikuwa na mafuta," akasema.

Tulidhani amepitiwa. Akaweka ungo chini.

"Siku ile mama yenu alipotaka kwenda Mpwapwa. Tangi lilikuwa limejaa. Deusdedit alinijia jioni ya kuamkia siku hiyo, akaniambia mke wangu ananivua nguo mbele ya wanaume. Nikaona aibu. Nikamdanganya."

Baba mkubwa akamuuliza kama hayo ni ya kusemwa mbele ya watoto. Baba akamjibu kwamba mbele ya watoto ni mazoezi tu, kwani kwenye misa atayasema mbele ya kijiji.

Mama, waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea. Tulikuwa tumezielekeza hasira zetu zote kwenye ule ubao na kwa Mzee Nathan, kumbe mkono wa kwanza kukuzuia ulikuwa wa kwetu, mkono uliokusongea ugali miaka thelathini. Ritha, kitinda mimba wako, alikaa wiki nzima hampi Baba shikamoo. Baba hakulalamika. Kila asubuhi alitoka, akaifuta ile pikipiki, akairudisha ndani bila kuiwasha. Hatujui tumwonee huruma au tuendelee kukasirika. Kwa sasa tunafanya yote mawili.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi hii, saa nne asubuhi, kigangoni kwetu. Baada ya misa tutakwenda kaburini, na hapo wasifu wako utasomwa wote, kurasa mbili na nusu, pamoja na ukurasa mmoja ambao Baba ameuandika mwenyewe na hajaturuhusu kuugusa. Atausoma yeye. Baba mkubwa ametuma ujumbe kwamba hatakuja. Mzee Nathan amealikwa kama jirani yeyote, na hatapewa karatasi ya kusoma. Wanawake wote mliowahi kuombwa mpishe mwenye kiti, njoni mapema mkae mbele.

Unakumbukwa na mume wako Sebastiani, wanao Editha, Loisi na Ritha, wakwe zako, wajukuu zako, akiwemo Tereza aliyezaliwa miezi mitatu baada ya wewe kuondoka, shoga yako Swaumu, Ruthu na watoto wake, na wote wanaochota maji asubuhi.

Baba ametuuliza kama tunadhani utamsamehe. Tumemwambia hatuwezi kukujibia. Akuulize mwenyewe Jumamosi, kwa sauti, watu wakisikia.

Siku zote tutakukumbuka, Mama, na kila atakayeuliza tutamwambia ulikuwa nani.